Kuuliza si Kutukana: Dakika 77 za Uvalde na Sisi Raia



Siku moja, katika mafundisho ya uraia, mama mmoja alinyosha mkono akaniuliza: « Bwana mwalimu, tuliwaita askari usiku ule, hawakuja. Je, tuko na ruhusa ya kuwauliza sababu? Kumwuliza askari si kumtukana? » Watu wote walinyamaza. Hata mzee wa kartie alikuwa akingojea jibu langu. Nilimjibu mama kwa haraka, lakini jibu lile halikunitosha mimi mwenyewe. Leo ninataka kumjibu vizuri. Nitapitia mbali kidogo, mpaka Marekani, kisha tutarudi nyumbani.

Katika jimbo la Texas kuna muji mdogo unaoitwa Uvalde. Tarehe 24 Mei 2022, kijana wa miaka 18 aliingia na bunduki katika masomo ya msingi ya Robb. Ilikuwa saa tano na dakika 33 za mchana. Aliua watoto 19 na walimu 2.

Sasa sikiliza vizuri. Askari wa kwanza waliingia katika jengo dakika chache tu baada yake. Walisogea karibu na madarasa, wakapigwa risasi, wakarudi nyuma. Toka hapo wakangoja. Wengine wakaja, na wengine tena: polisi ya masomo, polisi ya muji, polisi ya jimbo, walinzi wa mipaka. Uchunguzi wa bunge la Texas ulihesabu askari 376. Walikuwa na bunduki, walikuwa na ngao. Saa sita na dakika 3, mtoto aliyekuwa ndani ya darasa alipiga simu kwa polisi. Simu zingine za watoto zikafuata. Nje, wazazi walilia, wakaomba, wakataka kuingia wao wenyewe. Wao ndio waliozuiwa. Mlango ulifunguliwa na mwuaji akauawa saa saba kasoro dakika 10. Kungoja kulichukua dakika 77.

Ndugu yangu, mtu aweza kusema: labda hawakujua namna ya kufanya. Hapana. Tarehe 20 Aprili 1999, vijana wawili waliwaua wanafunzi 12 na mwalimu katika masomo ya Columbine, jimbo la Colorado. Siku ile polisi walizunguka jengo wakangojea kikosi maalum. Baada ya msiba ule, askari wa Marekani walifundishwa jambo moja: mtu anapopiga watoto risasi, usingoje, mwendee mara moja. Kwa hiyo kule Uvalde fundisho lilikuwapo, na silaha zilikuwapo, na watu walikuwapo.

Basi wazazi wakauliza. Nani alikuwa komanda siku ile? Mkubwa wa polisi ya masomo alisema hakujiona kuwa yeye ndiye komanda. Kama si yeye, ni nani? Kwa nini walitafuta funguo muda mrefu, na uchunguzi umeonyesha kwamba mlango mmoja huenda haukufungwa kamwe? Kati ya wale waliokufa, wengine walikuwa bado wanapumua askari walipoingia. Wangapi wangepona kama mlango ungefunguliwa mapema? Na kwa nini katika watu 376 hakutokea wa kusema: « Twende »?

Jibu la kwanza waliloletewa halikuwa la kweli. Kesho yake gavana wa Texas aliwasifu askari kwa ushujaa, akasema walikimbilia kule risasi zilikotoka. Tarehe 27 Mei, mkubwa wa polisi ya jimbo akakubali mbele ya watu kwamba kungoja kulikuwa kosa. Gavana naye akasema alikuwa amedanganywa. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wazazi wale walifanya nini? Walikuwa na uchungu ambao mimi siwezi kuupima. Lakini walikwenda katika mikutano ya halmashauri ya masomo, mkutano baada ya mkutano, na kusimama na picha za watoto wao. Tarehe 24 Agosti 2022, halmashauri ikamfukuza kazi mkubwa wa polisi ya masomo. Watu wa magazeti walishtaki ili karatasi na sauti za siku ile zitolewe. Muji ulizitoa mwaka 2024. Mnamo Januari 2024, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa ripoti kubwa, na waziri akasema waziwazi: kama askari wangefuata mafundisho yao, kuna watu wangepona. Katika Juni 2024, askari wawili walishtakiwa kwa kuwaacha watoto katika hatari. Wawili, kati ya 376. Mmoja wao, katika Januari 2026, baraza la raia katika tribinali lilimwona hana kosa.

Unaona? Hata kule, majibu hayakutimia. Na mimi niliyesoma sheria nikuambie jambo litakalokushangaza. Mwaka 2005, katika kesi ya Castle Rock, Korti Kuu ya Marekani ilikata shauri la mama mmoja ambaye watoto wake 3 waliuawa na baba yao. Polisi hawakuwa wametekeleza amri ya hakimu ya kumzuia huyo baba. Korti ilisema: Katiba haimpi mama haki ya kuudai muji kwa sababu polisi hawakuja.

Sasa turudi nyumbani. Fungua Katiba yetu ya mwaka 2006. Kifungu cha 16 kinasema mwanadamu ni mtakatifu, na Serikali ina lazima ya kumheshimu na kumlinda. Kifungu cha 182 kinaipa Polisi ya Taifa kazi ya usalama wa watu na mali yao. Na kifungu cha 27 kinasema hivi: kila Mkongomani, peke yake ao pamoja na wengine, ana haki ya kuandikia mamlaka ya serikali barua ya madai, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Tena hakuna mtu anayeweza kushtakiwa kwa sababu ameandika barua hiyo.

Kwa hiyo, katika jambo hili, karatasi yetu ina nguvu kuliko yao. Wao wametushinda kwa desturi ya kuuliza bila kuchoka.

Najua utaniambia: « Mwalimu, karatasi hailindi kijiji. » Ni kweli. Lakini tumeona pia njia ingine inatufikisha wapi. Mwaka 2019, watu wa Beni walikuwa wanazika wapendwa wao kila juma, na ulizo lao lilikuwa lile lile la Uvalde: walinzi walikuwa karibu, kwa nini hawakuja? Hawakupata jibu. Tarehe 25 Novemba 2019, hasira ikalipuka. Ofisi ya meya ikachomwa, kambi ya Umoja wa Mataifa kule Boikene ikavamiwa, na watu wengine tena wakafa. Je, ulizo lilijibiwa? Moto hauandiki ripoti. Unachoma hata zile karatasi ambazo zingetusaidia kujua.

Ulizo lisilojibiwa halilali. Linatembea usiku kutoka nyumba hadi nyumba. Mara ya kwanza linasema: « Kwa nini askari hawakuja? » Mara ya pili linasema: « Askari yule ni wa kabila gani? » Mara ya tatu linachukua panga. Ndiyo sababu ninasema kwamba kuuliza mapema, kwa njia ya sheria, ni kazi ya amani.

Basi mama, jibu langu ni hili. Kuuliza si kutukana. Lakini uliza vizuri. Siku jambo linapotokea, andika tarehe na saa. Andika nani alipiga simu, alimpigia nani, na alijibiwa nini. Tenga lile uliloliona kwa macho na lile ulilosikia kwa watu. Usiandike kabila la mtu. Andika tendo lake. Mkusanyike, mtie sahihi pamoja, wazee na vijana, wa kabila hili na la lile. Mkipeleka barua kwa mkubwa wa eneo, mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mhesabu miezi 3. Kama kuna kosa la jinai, mpeleke nakala kwenye parke. Kama hakuna jibu, mwandike tena, na mjumbe wenu wa bunge apate nakala yake.

Na wewe askari unayenisikiliza posteni, usifikiri nimekusahau. Ninajua mshahara wako ni mdogo na unachelewa. Ninajua pengine hauna gari wala mafuta. Ukiulizwa, sema hivyo. Wakubwa wako nao wapate kuulizwa. Askari anayesema ukweli wa udhaifu wake huokoa kijiji kuliko anayejisifu kwa ushujaa ambao haukuwako.

Wazazi wa Uvalde hawakurudishiwa watoto. Lakini kwa kuuliza, walizuia uongo usizikwe pamoja na watoto wao kana kwamba ndio ukweli. Sisi nasi tuna makaburi mengi yenye ulizo juu yake. Tuchukue kalamu kabla mtu mwingine hajachukua jiwe.