Inama Utazame Chini ya Daraja

Maneno haya yalisemwa na fundi mmoja wa kukagua madaraja, katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia uliofanyika kwenye ukumbi wa kanisa upande wa Njoro. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.

  Mwenyekiti amenipa nusu saa. Nitajaribu, lakini mtu aliyezoea kuning'inia kimya siku nzima, akipata watu wa kumsikiliza si rahisi kumnyamazisha.

Wengi mnaniuliza kazi yangu ni gani hasa. Kampuni yetu ni ndogo, iko hapa Nakuru, na kazi yake ni kupeleka watu mahali ambapo ngazi haifiki. Chini ya madaraja, juu ya minara, kwenye kuta za miamba kando ya barabara. Tunashuka kwa kamba. Ukipita juu ya daraja kwa matatu unaona lami tu, unaona daraja ni zima. Mimi niko chini yako na nyundo, nagonga simiti kama daktari anavyogonga kifua. Simiti nzuri inalia kali. Simiti iliyoachana na chuma chake ndani inalia bubu, kama debe lenye ufa. Hapo natia alama ya chaki, napiga picha, naandika.

Asubuhi kabla ya kushuka, kila mtu anapitisha kamba yake yote mikononi, mita kwa mita, akitafuta mahali palipochubuka au palipokuwa pagumu. Halafu mwenzake anamkagua: mkanda, vifungo, mafundo. Hata kama una miaka kumi kazini, hujikagui peke yako. Na kamba huwa ni mbili, kila moja imefungwa mahali pake. Moja unafanyia kazi, ya pili inakungoja tu. Mzee mmoja aliwahi kuniuliza, "Kwani ya kwanza si imara?" Nikamwambia, ni imara mzee, ndiyo maana ya pili haijawahi kunifanyia kazi yoyote, na sitaiacha nyumbani.

Utaratibu huu wa kamba mbili unasimamiwa na chama kiitwacho IRATA, kilichoanzia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya watu wa mitambo ya mafuta baharini. Kina ngazi tatu. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili lazima uwe umekaa kwenye kamba saa 1,000, na muda usiopungua mwaka mmoja, zote zimeandikwa kitabuni na kutiwa sahihi. Cheti kinakwisha baada ya miaka 3, unarudi kutahiniwa tena. Na hakuna kushuka kama hakuna mpango wa kukuokoa. Mtu akizirai akabaki ananing'inia kwenye mkanda bila kusogea, damu inakwama miguuni, na dakika chache tu zinaweza kumuua. Kwa hiyo hatungoji mtu wa kutoka mjini. Tunamtoa sisi wenyewe.

Nasema haya kwa sababu ya nyinyi vijana. Nimeona vijana wakishushwa kisimani au kwenye mwamba kwa kamba ya katani iliyofungia ng'ombe mwaka mzima kwenye jua na mvua. Kamba hiyo imekwisha zamani, haijasema tu. Na mtu akija kuwapa kibarua cha kupanda juu, muulizeni kwanza kama amewakatia bima. Sheria ya fidia ya wafanyakazi ya 2007 inamtaka afanye hivyo. Akianza kucheka, rudini shambani.

Basi, tuje kwenye madaraja.

Mkipanda Mau kwa reli ya zamani ya kutoka hapa Nakuru kwenda Kisumu, kuna madaraja marefu ya chuma yanayovuka mabonde. Yalikuwa 27. Vyuma vyake vilitengenezwa Marekani, vikaletwa kwa meli hadi Mombasa, vikaunganishwa huku juu na mafundi mwanzoni mwa miaka ya 1900, wakati ule ule reli ilipokuwa inafika ziwani. Mimi huwatajia watu madaraja hayo wanaponiambia daraja lao limeharibika "kwa sababu ya uzee". Chuma hakizeeki kama mimi na wewe. Chuma kinaliwa na kutu, na kutu inaanza mahali ambapo maji yanakaa na hakuna mtu anayetazama.

Lakini niwaambie jambo ambalo lilinishangaza nilipoanza kazi. Nilidhani madaraja huanguka kwa sababu ya mzigo ulio juu, lori kubwa la mawe au ng'ombe wengi. Mara nyingi sivyo. Daraja huangushwa na maji yaliyo chini. Maji ya mafuriko yanapofika kwenye nguzo yanazunguka, na yanapozunguka yanachimba. Yanatoa mchanga chini ya mguu wa nguzo kidogo kidogo. Kwa juu hakuna ufa, hakuna kelele. Na huku kwetu bondeni ni vibaya zaidi, maana udongo wetu mwingi ni jivu la volkano. Nyinyi mnalima, mnaujua. Ukikauka ni vumbi, ukipata maji yanayokimbia unaondoka kama unga.

Wazee wanaikumbuka treni ya Mombasa. Tarehe 30 Januari 1993, treni ya usiku kutoka Nairobi ilitumbukia mtoni Ngai Ndethya, karibu na Mtito Andei. Mafuriko yalikuwa yameharibu daraja. Zaidi ya watu 100 walikufa.

Na hii ya karibu kabisa, ya hapa kwetu katika kaunti ya Nakuru, Mai Mahiu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliteremka juu ya kijiji cha Kamuchiri watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 50 walikufa. Kwanza tuliambiwa bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba halikuwa bwawa: ni njia ya maji inayopita chini ya tuta la reli, iliyozibwa na takataka, miti na mawe. Maji yakakosa pa kupita, yakajaa nyuma ya tuta kama bwawa, kisha yakalibomoa.

Ngojeni hapo kidogo. Kalvati iliyozibwa. Si jambo la mhandisi wa ng'ambo. Ni matawi, ni matope, ni magunia. Sisemi wanakijiji ndio wangezibua ile ya reli, la, ile ilikuwa kubwa na ina wenyewe. Nasema kila mmoja wenu hapa anaijua kalvati moja, karibu na kwake, ambayo msimu uliopita ilipitisha maji nusu. Na nyuma yake kuna tuta. Na mbele ya tuta, upande wa chini, kuna nyumba ya mtu.

Sasa niwaambie langu mwenyewe, ambalo nilimwambia mwenyekiti kwamba ndilo lililonileta.

Nyumbani kwetu ni upande wa Molo. Kuna mto pale, si mkubwa, lakini mvua ya masika ikinyesha huwezi kuuvuka. Miaka mingi iliyopita kikundi chetu kilifanya harambee, wakanunua waya mnene na mbao, wakajenga daraja la miguu la kuning'inia. Fundi wake alikuwa mtu mwema, alifanya kwa moyo. Watoto walianza kwenda shule bila kungoja mto upungue. Maziwa yalifika barabarani kwa wakati. Sisi sote tulijivunia daraja lile.

Mimi nikapata kazi hii. Nikawa nakagua madaraja ya watu, najaza fomu, naandika ripoti ndefu. Na kila nikienda nyumbani mwisho wa mwezi nililivuka daraja letu na sukari mkononi. Miaka minne nzima. Sikuinama hata siku moja kutazama chini. Ningetazama nini? Lilikuwa letu.

Siku moja ya soko, waya wa upande mmoja uliteleza kwenye mfungo wake. Haukukatika, uliteleza tu, daraja likalala ubavu. Mama mmoja jirani yetu alikuwa katikati na mtungi wa maziwa. Alianguka kwenye mawe akavunjika mguu mahali pawili. Anatembea leo, lakini kwa fimbo, na ng'ombe wake aliwauza kulipa hospitali. Mimi huyo mama alinilea nilipokuwa mdogo, mama yangu akienda kibarua.

Nilipofika Jumamosi nikaenda kutazama. Nilichukua chini ya dakika tano kujua. Dakika tano, jameni.

Nitawaeleza, na mnisikilize vizuri kwa sababu wengi wenu mna madaraja kama hilo. Waya ukizungushwa kwenye nguzo, mkia wake unarudishwa nyuma na kubanwa pamoja na waya unaobeba daraja. Huu unaobeba tuuite waya mama. Kinachobana ni klampu: kuna chuma chenye umbo la U, kuna kiti chenye mifereji, na nati mbili. Kiti lazima kikae juu ya waya mama, na ile U ibane mkia. Sababu yake ni hii: U inauma waya na kuuponda. Mkia ukipondwa si kitu, haubebi mzigo. Waya mama ukipondwa umepoteza nguvu, na mfungo wenyewe unateleza upesi zaidi. Klampu zisipungue tatu, na waya mnene unataka zaidi. Halafu, na hili ndilo watu husahau, ukishamaliza na daraja likabebeshwa mzigo mara ya kwanza, waya unanyooka na kuwa mwembamba kidogo, nati zinalegea. Lazima urudi na spana uzikaze tena. Baada ya hapo uwe unarudi kila msimu.

Daraja letu lilikuwa na klampu tatu. Mbili zilikuwa zimegeuzwa. Nati zote nilizifungua kwa vidole.

Yule fundi sikumlaumu, hakuna aliyemfundisha. Mimi nilifundishwa.

Kwa hiyo kikundi chetu sasa kina daftari. Si kubwa, ni la shule, la shilingi chache, linakaa na mwekahazina pamoja na vitabu vya fedha. Watu watatu wamechaguliwa: fundi mbao, kijana mmoja mwenye macho mazuri, na mama mmoja anayevuka kila siku, kwa sababu yeye ndiye anayesikia daraja likilia tofauti kabla ya sisi kuona. Wanakagua mwezi wa pili kabla ya masika, tena mwezi wa tisa. Na kila baada ya mafuriko, hata kama ni siku ya kazi.

Wanatazama nini? Klampu na nati. Waya pale unapoingia kwenye simiti au ardhini, maana hapo ndipo maji hukaa na kutu huanza. Wanavaa glavu nzito na kupapasa. Nyuzi zilizokatika zinachoma kama miiba. Mbao wanazidunga kwa bisibisi karibu na misumari na bolti, kwa kuwa mbao huoza kuanzia kwenye matundu; bisibisi ikizama laini, ubao huo unatoka leo, si Jumapili ijayo. Kisha wanashuka mtoni, maji yakiwa madogo, wanatazama miguu ya nguzo. Tumepiga alama ya rangi kwenye nguzo pale udongo ulipokuwa. Rangi ikiwa imepanda juu ya udongo kwa shibiri moja, mto umechimba. Wanajaza mawe makubwa, na kama ni zaidi wanafunga daraja na kuita mtu.

Kama kuna ufa kwenye simiti, usiupake saruji ili upendeze. Tia alama ya penseli kila mwisho wa ufa, andika tarehe hapo hapo. Ukirudi ukakuta ufa umepita alama yako, unakua.

Na nyuki. Mtacheka, lakini nyuki hupenda sana mapengo ya chini ya daraja. Nimewahi kufukuzwa nao nikiwa kwenye kamba, na mtu aliye kwenye kamba hana pa kukimbilia. Tazameni kwanza kabla ya kugonga.

Kuhusu barabara zenye wenyewe: barabara kuu ni za KeNHA, baadhi ya zile za mashambani ni za KeRRA, za mjini KURA, na nyingine ziko chini ya kaunti. Msiende kulalamika kwa mdomo. Andikeni barua, mahali, tarehe, mmeona nini, na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri. Mimi nimeona ripoti yangu mwenyewe ikilala kwenye faili la ofisi moja mpaka daraja dogo likaenda na maji. Hakuna aliyekufa, lakini watoto walizunguka kilomita nyingi muhula mzima. Chifu alipouliza kwa nini, kilichotusaidia ni nakala yenye muhuri. Daraja jipya lilianza kujengwa mwaka huo huo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilipokuwa nakuja asubuhi nimevuka daraja lenu la miguu pale bondeni. Safari hii niliinama. Sitasema niliyoyaona hapa ndani, afadhali mwone wenyewe. Spana ninayo kwenye gari, na jua bado lipo. Tukimaliza chai tuteremke pamoja, na yule mama anayevuka kila siku naomba awe mbele.