Namba sita: maneno yetu kwa vijana wa Kasongo na Kabambare



Wengi wetu tuko na diplome, kazi hakuna. Ndiyo sababu tunauzisha: mafuta ya ngazi, muchele, vitenge. Butike yetu ni WhatsApp.

Mwezi uliopita, dada mumoja wa hapa Kasongo alipokea ujumbe kutoka namba ya rafiki yake: "Nitumie zile namba sita zimeingia kwako." Akatuma. Dakika kidogo tu, WhatsApp yake ikamufukuza. Mwizi, kwa jina lake na picha yake, akaomba wateja avansi ya muchele kwa pesa ya simu. Watu watatu wa Kabambare walituma. Mpaka leo sokoni wanamuita mwizi, yeye aliyeibiwa! Tulitembea naye nyumba kwa nyumba kueleza. Wengine walielewa, mumoja alifunga mulango.

Basi mbele ya kutoka hapa, fungueni parametre, kisha konte, muweke namba ya siri ya pili. Zile sita, hata mama yako asipewe.

Na sisi tusijitakase. Nani hajaweka picha ya mudeni kwenye grupe ya kartie, na namba yake chini? Tulifanya vile. Code du numérique, sheria ya inchi ya 13 Machi 2023, inalinda habari za mutu binafsi, na mudeni ni mutu. Deni inadaiwa kwake nyumbani, ao mbele ya shefu wa kartie.

Mwenye iko na picha ile mpaka sasa, aifute. Tunangoja.