Majani Makavu kwa Mbuzi wa Maziwa: Hotuba kwa Mkutano wa Mwaka, Longech



Halmashauri imetutaka tuseme juu ya shamba dogo la majani makavu, lile ambalo jamaa ya nyumba moja yaweza kulitunza kwa zana kuukuu iliyo nazo. Huenda wengine wakastaajabu kusikia habari za nyasi hapa Longech, mahali penye mchanga mbele na maji nyuma. Lakini sote twajua jinsi wengi walivyofika katika ulimi huu wa nchi kavu. Wakati wa njaa ya mwaka 1961 watu waliopotewa na mifugo walikusanywa penye Ghuba ya Ferguson, wakapewa chakula, na wengine wakafundishwa kuvua. Tangu siku hizo kila ukame mkubwa umetuletea majirani wapya. Mtu mwenye mbuzi watano wa maziwa bado ni mfugaji anayevua samaki. Aliyekufiwa na mbuzi wa mwisho hana ila wavu wake, na ziwa lenyewe si la kutegemewa peke yake. Ghuba hii ilikauka katika miaka ya 1980, wakati kiwanda cha samaki cha Kalokol, kilichojengwa kwa msaada wa Norway, kilikuwa bado kipya. Kisha mwaka 2020 maji yakapanda yakaingia majumbani.

Basi neno letu ni juu ya mbuzi wa maziwa, wale wachache wanaobaki nyumbani pamoja na watoto na wazee wakati kundi kubwa linapohama na vijana. Hatusemi kwamba majani makavu yataokoa kundi zima. Katika ukame ulioanza mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na hakuna ghala la nyasi ambalo lingelisha ngamia, ng'ombe na mbuzi wote wa Turkana kwa muda huo. Lakini hebu tufanye hesabu ya awi moja. Mbuzi mwenye uzito wa kilo 30 hula karibu kilo moja ya majani makavu kwa siku. Akipewa nusu kilo jioni, juu ya kile alichookota porini, atasimama na maziwa hayatakatika upesi. Mbuzi kumi kwa siku 90 watataka kilo 450. Robota lililofungwa kwa sanduku lina kiasi cha kilo 20, kwa hiyo ni marobota 23 tu. Hicho si kiasi cha kumtisha mtu mwenye mundu.

Mahali pa kukata si hapa mchangani. Nyasi fupi za ufukoni, zile zenye ncha za kuchoma, tuwaachie mifugo wazilishe zikiwa mbichi. Wengi wetu tuna ndugu kando ya Mto Turkwel, huko Lodwar na chini yake, na wengine kando ya Tarach huko Kakuma. Penye uwanda ambapo maji ya mvua hupita, jembe na beleshi vyatosha kujenga matuta ya nusu mwezi, yenye mgongo upande wa bonde, ili maji yasimame na kuingia ardhini. Nyasi za kienyeji zikipata maji hayo mara mbili au tatu huota vizuri kuliko mbegu ngeni zinazotaka mvua ya milimani.

Sasa juu ya zana. Tumesikia vijana wakisema kwamba bila trekta kazi haifai kuanzwa. Sisi hatukubaliani nao. Trekta katika shamba la ekari moja hungoja mafuta, hungoja fundi, hungoja kipuri kutoka Kitale, na wakati wote huo nyasi hazingoji. Hapa ndipo hasara ilipo. Nyasi zikatwe zinapoanza kutoa maua. Zikiachwa mpaka mbegu zikomae na kudondoka, bua hugeuka kuwa kama kijiti, na mbuzi atajaza tumbo bila kupata nguvu. Mundu mkuukuu ulionolewa, ukitumiwa katika juma lake, washinda mashine mpya inayofika mwezi umekwisha. Fyekeo pia hufaa, ila huvunjavunja majani na kufanya kazi ya kukusanya kuwa ndefu. Kateni kwa kimo cha kiganja kutoka chini, shina lipate kuchipua tena, na acheni ukanda mmoja usiokatwa ili udondoshe mbegu za mwaka ujao.

Jua letu ni kali, na siku mbili zatosha kukausha. Zikizidi, majani yenyewe hupukutika na kubaki mabua. Majani yaliyokauka vema hubaki na rangi ya kijani na harufu nzuri, na mbuzi huyajua kabla yetu. Sanduku la kufungia ni la mbao, halina kitako wala kifuniko, lenye urefu wa sentimita 85, upana wa 55 na kina cha 45. Kamba mbili hutandikwa kwanza, majani hushindiliwa kwa miguu, kisha hufungwa na sanduku huinuliwa. Seremala wa mitumbwi aweza kulitengeneza kwa mbao za chombo kilichovunjika. Katika kamba tunaomba uangalifu. Nyuzi za nailoni za nyavu ni rahisi kupatikana hapa, lakini mbuzi akizimeza humzibia tumbo akafa. Tumieni kamba ya majani ya mkoma, ambayo mama zetu wanajua kuisokota. Nyavu kuukuu zina kazi nyingine: zitandazwe juu ya lundo na kuwekewa mawe pembeni, maana upepo wa hapa hauachi kitu. Na marobota yawekwe juu ya kichanja, mchwa wasiyafikie.

Kuna pia mathenge, ambao sisi twauita etirae. Uliletwa kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sasa umefunga njia na kula mahali pa nyasi. Maganda yake ni chakula, lakini yasagwe kwanza. Mbuzi akiyala mazima kila siku meno yake huharibika, na mbegu hupita katika mavi zikaota pengine.

Limebaki jambo la ua, na hili ni la wazee. Ardhi yetu kubwa ni ya jamii, na sheria ya mwaka 2016 imeitambua hivyo. Mtu akizungushia waya uwanda wa mtoni kwa ajili ya majani yake, na mwingine akafuata, na wa tatu, mifugo ya wageni na ya ndugu itapita wapi kwenda majini? Desturi ya ekwar inatupa kielelezo kizuri. Miti ya ewoi ya mtoni ina wenyewe, na maganda yake wakati wa kiangazi ni ya nyumba fulani, lakini mpita njia hazuiwi kunywesha. Twapendekeza kiwanja cha majani kitazamwe vivyo hivyo: haki ya mtu iwe katika nyasi alizozitunza, kuanzia mvua mpaka siku ya kukata, kisha mabaki yafunguliwe kwa wote. Ua uwe wa miiba, usiwe wa waya, na njia za maji zitajwe kwanza mbele ya watu kabla jembe halijaingia.

Twaomba wazee wa Turkwel na wa ziwani wakutane juu ya njia hizo kabla ya akiporo. Wakishasema, sanduku la kwanza litachongwa hapa Longech, nalo litaazimwa nyumba kwa nyumba.