Injinia Wetu Alirudi Darasani, Nasi Tukarudi Naye

(Maneno haya tuliyasema mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia. Tumeombwa tuyachapishe ili waliobaki nyumbani wayasome pia.)



Leo hatukuja kuwafundisha kujenga. Mafundi mnao, na wengine walianza kujenga kabla sisi hatujazaliwa. Tumekuja kuwaeleza kosa letu, kwa maana kosa likifichwa huzaa jingine.

Mnamfahamu injinia kijana aliyejiunga na ofisi yetu ya maendeleo. Kabla ya kuja kwetu alifanya kazi ya barabara miaka minne. Kazi yake ilikuwa murram, mitaro na kalvati, na aliijua vizuri. Tulipompata tulifurahi, tukasema, sasa tuna injinia, majengo yote ni yake. Hapo ndipo kosa lilipoanza. Mtu akikaa miaka minne bila kupiga hesabu ya bimu na slabu, hesabu hiyo humtoka, kama lugha inavyomtoka mtu asiye na wa kuzungumza naye. Sisi hatukumwuliza, naye aliona haya kusema.

Mwezi wake wa pili, kikundi kimoja cha akina mama kilileta mchoro wa stoo ya mahindi, mita 6 kwa 4. Juu hawakutaka mabati. Walitaka slabu ya zege, ili wapandishe hapo tangi la lita 10,000. Kijana akautazama, akasema, "Ni sawa, endeleeni." Akina mama wakaenda kununua simiti na vyuma kwa pesa walizochanga shilingi kwa shilingi, miaka miwili.

Usiku ule kijana hakulala. Alijaribu kuipiga ile hesabu, ikakataa. Kesho yake alikuja ofisini na vitabu vyake vya chuo, vumbi tele, akatuambia ukweli: "Nimesema sawa, lakini sijui kama ni sawa." Tulikaa naye jioni nyingi, tukaanza mwanzo kabisa. Tuliyojifunza ni haya.

Kwanza, uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa hiyo tangi lile likijaa ni tani 10. Na slabu yenyewe je? Mita moja ya zege kila upande ina uzito wa kama kilo 2,400. Slabu ya mita 6 kwa 4, unene sentimita 15, ni zaidi ya tani 8 na nusu kabla hujaweka hata tone la maji. Jumla ni zaidi ya mizigo miwili ya lori la tani 7, juu ya vichwa vya watu wanaopima mahindi.

Pili, urefu. Laza ubao juu ya matofali mawili, mtoto asimame katikati. Sasa sogeza matofali mbali zaidi. Umeona unavyopinda? Ukiongeza nafasi mara mbili, na mzigo wa kila mita ukiwa ule ule, nguvu ya kuupinda ubao haiwi mara mbili. Inakuwa mara nne! Ndiyo maana chumba kipana hakijengwi kama chumba chembamba kilichovutwa.

Tatu, kimo. Mbao ya inchi 2 kwa 6 ukiilaza chali inapinda upesi. Isimamishe kwa ubavu, itabeba mara tatu. Mbao ni ile ile, pesa ni zile zile. Mafundi wa paa hulijua jambo hili kwa mikono yao. Injinia alilijua kwa vitabu, akalisahau.

Nne, mahali pa chuma. Zege likigandamizwa ni gumu sana, lakini likivutwa hupasuka upesi. Nguvu yake ya kuvutwa ni kama sehemu moja tu ya kumi. Chukua kipande cha muhogo mbichi ukikunje. Upande mmoja unabanwa, wa pili unafunguka. Chuma kikuu hukaa upande unaofunguka. Bimu iliyokalia kuta mbili hufunguka chini, kwa hiyo chuma chake kikuu huwa chini. Lakini kibaraza kilichotokeza nje bila nguzo hufunguka juu, hivyo chuma chake lazima kiwe juu. Ndugu zetu, mchoro ule ulikuwa na kibaraza juu ya mlango, na vyuma vyake vyote vilichorwa chini.

Basi tukarudi kwa akina mama pamoja na kijana. Haikuwa safari rahisi. Mama mmoja alisimama akamwuliza, "Si wewe ulisema ni sawa? Sasa pesa zetu ziende wapi?" Kijana akajibu, "Mama, nilisema kabla ya kuhesabu. Nimekosa." Watu wakanyamaza. Ndipo fundi wao mzee akasema kwamba naye alikishuku kile kibaraza, lakini aliogopa kumpinga mtu wa digrii. Kumbe mmoja alinyamaza kwa haya na mwingine kwa hofu, na jengo lilikuwa karibu kuanza!

Tukapanga upya. Shamba lao liko kwenye mteremko, kwa hiyo tangi likawekwa upande wa juu, chini kwenye msingi wa mawe, na maji yanateremka yenyewe hadi stoo. Stoo ikapata paa la mabati. Simiti ilitumika yote. Baadhi ya vyuma duka lilikataa kuvirudisha, na hasara hiyo ofisi yetu iliilipa, kwa sababu ilikuwa yetu.

Msidhani haya ni mambo madogo. Aprili 2016 nyumba ya ghorofa ilianguka Huruma, Nairobi, wakafa watu zaidi ya 40. Septemba 2019 darasa lilianguka katika shule moja ya Nairobi, na watoto wakafa asubuhi wakiwa masomoni.

Bwana wetu alitufundisha habari za mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba akae kwanza ahesabu gharama. Sisi tunaongeza: ahesabu na uzito pia. Na asiyejua kuhesabu aseme hajui. Kijana wetu bado yuko nasi. Siku hizi mkimletea mchoro atawaambia, "Niachieni wiki moja." Msikasirike. Wiki hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Mungu awabariki.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Katika jengo letu, ni nani aliyepiga hesabu ya uzito? Tumeiona hesabu hiyo kwa karatasi?

2. Fundi wetu akiwa na shaka, ana nafasi ya kusema mbele ya wote bila kuaibishwa?

3. Mtu akikiri kosa kabla ya hasara kubwa, sisi humpokeaje?