Darasa na Uwanja



Mmenipa heshima ya kunena juu ya jambo lililotugawanya katika mkutano uliopita: je, fedha za karo tunazochanga zimsaidie mtoto mwenye alama za juu peke yake, au hata yule ashikaye gongo la hoki?

Tutazame kwanza tulikotoka. Masinde Muliro, aliyezaliwa Kimilili mwaka 1922, alikwenda kusoma Tororo nchini Uganda, kisha Cape Town, Afrika Kusini. Zama hizo mtoto wa Bungoma aliyetaka elimu kubwa hakuwa na budi kuhama kwao. Katika miaka ya 1950 Marafiki, ambao misheni yao ilianza Kaimosi mwaka 1902, walianzisha shule ya sekondari ya Kamusinga, huko huko Kimilili. Leo ni shule ya kitaifa, na watoto wa mbali ndio wanaokuja kwetu.

Shule hiyo yasifiwa kwa masomo, nayo imetwaa ubingwa wa taifa wa hoki zaidi ya mara moja. Mambo hayo mawili hayapingani. Katika hoki wachezaji kumi na mmoja hupasiana mpira mdogo, na apendaye kuonekana peke yake huupoteza. Tena mazoezi yana saa yake, na kengele ya masomo ya jioni haimngoji mtu. Kijana aliyezoea kuzigawa saa zake hivyo, hata kitabu hukishika kwa nidhamu.

Naijua hofu ya wazazi. Mtu ameuza mahindi na ng'ombe ili alipe karo. Aionapo jezi yenye matope, huuliza kama ng'ombe wake alikwenda kwa ajili ya mchezo. Ana haki ya kuuliza. Mchezo ulao saa za kitabu ni hasara, nasi tusiugharimie. Lakini hata mtaala wa umilisi umeifanya sanaa na michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za masomo katika sekondari ya juu.

Basi naomba fomu yetu ya msaada iulize mambo mawili: alama za mtoto, na kazi aifanyayo pamoja na wenzake, iwe hoki, kwaya, maigizo au mdahalo. Aliye hodari uwanjani na dhaifu darasani tumsaidie kwa sharti la kutuletea ripoti kila muhula.

Kidole kimoja hakivunji chawa.