Kilwa kwa Kamera ya Mfukoni

Kila likizo ikikaribia, vijana huniuliza swali moja: nataka kuzunguka nchi nikipiga picha na kutengeneza video, ninunue kamera gani? Nawajibu kwamba kwa safari ya kwanza wasinunue chochote. Simu ya kawaida yenye lenzi safi inatosha. Ile pesa iliyotengwa kwa kamera ilipe nauli, gesti na chakula, ili mtu akae siku tatu nne mahali ambapo angekaa mchana mmoja. Hiyo ndiyo hoja yangu leo, na nitaipeleka Kilwa Kisiwani, maana huko inajieleza.

Kilwa inafikika kwa basi kutoka Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 300 hivi kuelekea kusini. Unalala Kilwa Masoko, unalipia kibali cha kutembelea magofu, unavuka kwa mashua. Ng'ambo unalakiwa na Gereza, ile ngome ya ufukweni, na nyuma yake kuna Msikiti Mkuu. Sehemu ya msikiti yenye kuba iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye pia alijenga jumba la Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na kuusifu mji. UNESCO iliyaingiza magofu hayo katika urithi wa dunia mwaka 1981, pamoja na yale ya Songo Mnara.

Sasa zitazame picha zinazosambaa za mahali hapo. Nyingi zinafanana: kuta, nguzo, anga la buluu, na hakuna mtu. Asiyefika angeamini kisiwa ni mahame. Kumbe pana kijiji. Watu wanavua, watoto wanakwenda shule, mbuzi wanajilisha kando ya kuta za masultani. Waliopiga picha hizo si watu wabaya, walikuwa na haraka tu. Wamefika jua limekwisha panda, mashua inawasubiri, na wamebeba kamera za thamani ambazo hawataki ziguse mchanga. Lenzi ndefu inamruhusu mtu asimame mbali na bado apate picha yake. Akiwa mbali, hana haja ya kumsalimia yeyote.

Simu haikupi ruhusa hiyo. Ukivuta picha kwa vidole kwenye simu ya bei nafuu, inageuka chengachenga papo hapo. Itabidi usogee. Na ukisogea, kwa desturi ya pwani, huwezi kunyamaza. Utabisha hodi, utatoa shikamoo, utaulizwa umetoka wapi na nyumbani hawajambo. Hadi mazungumzo yafike kwenye picha, yule mzee anayetia kalafati chombo chake ameshakuzoea, amerudi kwenye kazi, na mikono yake inakwenda kama inavyokwenda siku zote. Picha unayoipata hapo hainunuliki kwa lenzi ya milioni tatu. Naamini kabisa kwamba udhaifu wa kamera ndogo ni mwalimu mzuri kwa anayeanza, kwa sababu unamsukuma kwa watu.

Kukaa siku zaidi kunakupa pia mwanga. Kilwa iko nyuzi 9 hivi kusini mwa ikweta. Huku kwetu jua linapanda na kushuka karibu wima, kwa hiyo ule mwanga laini wa asubuhi na wa jioni unapita upesi. Mafunzo mengi ya upigaji picha yaliandikwa na watu wa kaskazini ya mbali, ambako jioni ya kiangazi hukawia. Wewe hesabu kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa mbili na kitu, kisha subiri saa kumi na moja jioni. Ikifika saa nne, vivuli vimejikusanya chini ya macho na pua, na uso wa mtu unachoka kabla mwenyewe hajachoka. Saa hizo ingia msikitini. Paa linazuia ukali, mwanga unapenya kwa ubavu katikati ya nguzo, na jiwe la matumbawe linaonyesha kila tundu lake.

Nyuso zina jambo lao, na hapa naomba msikilizaji unisikilize vizuri. Kwa miongo mingi kampuni ya Kodak ilisawazisha rangi za picha zake kwa kadi za mfano zenye sura ya mwanamke mweupe, na ngozi nyeusi zikatoka kama vivuli. Simu za leo zimeboreka, lakini bado zinakisia. Mweke bibi mbele ya bahari inayong'aa, simu itajali bahari na kumtia bibi giza. Mpige mwenye kanzu nyeupe, kanzu itaihadaa kamera na uso utafifia. Dawa haigharimu kitu. Mwombe akae kivulini, barazani au chini ya mwembe, uso ukielekea kuliko wazi, mgongo ukiwa kwenye ukuta. Kisha gusa uso wake kwenye kioo cha simu na ushikilie kidole hadi kipimo cha mwanga kijifunge hapo. Watu wetu wana haki ya kuonekana walivyo.

Kwa upande wa video, sauti ndiyo inayowashinda wengi. Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu kidogo, ila havumilii upepo unaonguruma. Na pwani kuna upepo, hasa wakati wa kusi. Ikiwa una shilingi ya kutumia Kariakoo, itumie kwa maiki ndogo ya waya, ile ya kubana kwenye kola, yenye sponji lake. Ukikosa, chukua simu ya mwenzako, iwashe irekodi, iweke kwenye mfuko wa shati la anayeongea, kisha piga kofi moja mbele ya kamera: kofi hilo litakusaidia kuoanisha sauti na picha wakati wa kuhariri. Halafu, kabla hujaondoka, rekodi dakika nzima ya mahali penyewe bila kusema neno. Nyundo ya fundi, maji yakipiga ubavu wa mashua, watoto wakitoka madrasa. Mimi ni mtu wa redio na ninapendelea upande wangu, lakini sauti hizo ndizo zitakazomrudisha mtu Kilwa miaka ishirini ijayo.

Mengine ni mafupi. Shika simu kwa mikono miwili, viwiko vikibana mbavu, na usiitembeze. Hesabu hadi kumi ndipo ukate. Rekodi kwa HD kamili, achana na 4K, maana dakika moja ya 4K inaweza kula MB 350 na nusu saa ikapita GB 10. Beba pawabenki, kitambaa laini cha kufutia chumvi, na mfuko wa plastiki wa kufunga. Kila usiku nakili kazi yako kwenye kifaa cha pili.

Kuna anayesema hayo ni maneno ya kuwafariji wasio na uwezo. Namjibu kwa mfano wa mpiga picha Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na alipokuwa mtoto wa shule alianza na Box Brownie iliyokwisha tumika. Kamera za Brownie zilipotoka mwaka 1900 ziliuzwa dola 1 ya Marekani: kijisanduku, lenzi isiyobadilishwa, kitufe. Mwaka 1963, hapo hapo Dar es Salaam, aliasisi Camerapix. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliishtua dunia, na kufikia hapo alikuwa na vifaa vya kisasa kabisa. Alivihitaji, kwa kazi ile. Lakini jicho, na ujasiri wa kumkaribia mtu, alivifanyia mazoezi kwenye kijisanduku kile.

Ukaribu huo una masharti. Usimpige mtu bila kumwomba, na kwa mtoto mwombe mzazi. Akikataa, mshukuru, endelea kuzungumza naye. Ukishapiga, mtumie picha yake siku ile ile kama ana simu. Kama hana, isafishe studio pale Masoko umpelekee kabla hujapanda basi. Kambi za jeshi, bandari na majengo ya usalama yaache kabisa.

Na serikali nayo ina lake. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya Tanzania ni ya mwaka 1976. Imefanyiwa marekebisho, lakini mizizi yake ni ya zama ambazo kamera ya filamu ilikuwa mali ya mashirika. Leo kila abiria wa basi la Kilwa anayo moja. Kijana anafika kwenye eneo la kihistoria hajui kama video yake ya dakika tano inahitaji kibali, na mara nyingine anayemkatia tiketi hana uhakika pia, basi kila mmoja anaamua kivyake. Ninachowaomba wasimamizi wa maeneo ya kale ni kibao kimoja, kwa Kiswahili, mahali tiketi zinapokatwa: nani anahitaji kibali cha kurekodi, kinatolewa ofisi gani, kwa shilingi ngapi, kwa siku ngapi. Na mwanafunzi mwenye simu awekwe mbali na kampuni ya matangazo yenye droni na taa, kwa kiwango cha ada na kwa urefu wa fomu. Likizo ya Desemba iwakute wameshakitundika.