Mtoto Mnyamavu Darasani



Mtoto mkorofi hujulikana upesi, kwani kelele zake humshitaki. Mnyamavu husifiwa adabu, kumbe huenda moyo wake umejaa hofu. Uchunguzi wa John Weisz na wenzake, uliochapishwa mwaka 1993, ulionyesha kuwa wazazi wa watoto wa Embu walitaja hasa woga, kujilaumu na maumivu ya mwili, hali Wazungu wa Marekani walitaja zaidi ubishi na ukaidi.

Basi yafaa mwalimu ajaze fomu ya Robert Goodman, daktari wa London, iliyotolewa mwaka 1997. Ina kauli 25, na kila moja hujibiwa: si kweli, kweli kidogo, au kweli kabisa. Kauli 20 za shida hupewa alama 0 hadi 2. Jumla haipiti 40.

Lakini jumla kubwa si hukumu, wala si jina la kumbandika mtoto. Ni mwito wa kumwuliza mzazi, na ikibidi, daktari. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwalimu akiwaita, wazee wangu, nendeni mkasikilize. Fimbo iacheni nyumbani.